Harusi ya Neema na Akiba ya Mama Yake

Vijana wa ofisini mliniaga kwa soda, kuku na kanga yenye maneno mazuri, kisha mkaniomba niwaandikie uzoefu wangu. Nimekaa nyumbani majuma kadhaa nikiutafuta huo uzoefu. Vyeo sitaviandika, kwa sababu vilikuwa vichache na hakuna aliyeshangaa nilipovipata, hata mimi. Mshahara nao hauna hadithi. Nitaandika nilivyoanza, vifaa nilivyofanyia kazi, na familia moja ya Mlalo iliyonifundisha kazi yangu wakati mimi nilishajiona mwalimu.

Nilipanda Lushoto kumfuata mume wangu, aliyekuwa mwalimu wa sekondari. Nilitoka Tanga mjini, mahali ambapo sweta ni vazi la wagonjwa. Chama cha akiba na mikopo kilikuwa kinatafuta karani. Nilikwenda kwenye usaili mwezi wa saba, katikati ya baridi, nimevaa blauzi ya mikono mifupi, nikatetemeka mbele ya kamati mpaka mwenyekiti akasema, "Huyu binti ana hofu ya Mungu, tumchukue." Ndivyo nilivyoajiriwa.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Kupaza, afisa mikopo, mtu mfupi aliyevaa koti la suti juu ya sweta na mabuti ya mvua chini. Nilitegemea anionyeshe mafaili. Alinionyesha benchi la wanachama pale barazani.

"Kaa hapo."

"Nifanye nini, Mzee?"

"Usikilize."

"Lakini wanaongea Kishambaa."

"Ndiyo maana nimekwambia usikilize. Sikukwambia uelewe."

Nilikaa benchi lile hadi ofisi ilipofungwa, na kesho yake, na keshokutwa. Kidogo kidogo nikaanza kutofautisha watu hata kabla sijaelewa maneno yao. Anayeomba fedha za mbolea anaongea kwa kifupi huku akitazama nje, maana mvua haimsubiri. Anayeomba ada anamtaja mtoto kwa jina lake lote la shuleni. Anayeomba fedha za harusi anaanzia kwa babu: babu alikuwa nani, alipokelewa vipi alikokwenda kuposa, na hao wakwe wa sasa ni watu wa namna gani. "Ukisikia babu ametajwa," Mzee Kupaza aliniambia, "jua kuna ukumbi umeshalipiwa advansi."

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Kulikuwa na kikokotoo cha kutumia mwanga wa jua, zawadi ya mfadhili ambaye bila shaka aliishi kwenye jua. Miezi ya baridi, ukungu ukishuka, namba zilikuwa zinafifia katikati ya hesabu, na mimi na mwanachama tunatoka nje pamoja kutafuta mwanga. Mazungumzo yangu mengi ya maana nimeyafanya nimesimama barabarani. Kulikuwa na mabuti, ambayo niliyavaa kuliko viatu vyangu vya harusi, vya kazi na vya sikukuu vikijumlishwa. Na kulikuwa na viti viwili mbele ya meza ya Mzee Kupaza, kimoja cha mume na kimoja cha mke. Akija mmoja peke yake, Mzee hakusema neno. Alikuwa anakitazama tu kile kiti kitupu, kwa heshima, kama vile kuna mtu amekaa, mpaka yule aliyekuja aanze kujieleza mwenyewe.

Chama hakikuwa na mkopo wa harusi, kwa hiyo watu waliandika ukarabati wa nyumba. Niliwahi kutumwa kukagua paa jipya la mwanachama mmoja. Paa nililikuta ni lile lile, limeshika kutu, ila sebuleni kulikuwa na picha kubwa ya bibi harusi akikata keki. Nilirudi nikamuuliza Mzee Kupaza niandike nini. Akasema niandike nilichokiona. Niliandika: nyumba ya zamani, paa la zamani, keki ya ghorofa tatu, imeshaliwa.

Mzee Kupaza kabla hajastaafu alituachia mfuko aliouita Akiba ya Uzee. Wanachama wetu wengi ni wakulima, hawana mwajiri wa kuwakatia mafao. Mikutanoni alikuwa anawaambia kwamba mkulima hastaafu kwa barua, anastaafu siku goti linapokataa kupanda mlima. Masharti yalikuwa mepesi kueleza na magumu kufuata: unaweka kidogo kila msimu, hugusi mpaka uzeeni, na kama mmeifungua mke na mume, haitoki bila saini zenu wote wawili. Alipoondoka nilirithi meza yake, viti vyake na mfuko huo. Mabuti yake alikwenda nayo.

Sasa nije Mlalo.

Mzee Yonathan na mkewe, Mama Neema, walikuwa wakulima wa viazi, kabichi na matunda ya plamsi, na walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kujiunga na Akiba ya Uzee. Hawakuwahi kukosa msimu. Mwaka ambao bei ya kabichi ilianguka mpaka watu wakalisha ng'ombe, wao walileta kidogo, wakaomba radhi kama waliochelewa ibada. Kwa hiyo asubuhi Mzee Yonathan alipoingia peke yake, akavua kofia na kuanza, "Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu mkubwa sana kule kwetu," moyo wangu ulishuka.

"Neema anaolewa," akamalizia, baada ya babu kupita salama.

"Hongera sana, Mzee."

"Ahsante, Bi Zaina. Ni watu wa Muheza. Baba mkwe ana malori ya machungwa."

"Hongera tena."

"Ndiyo. Tatizo ni hayo malori."

Akanieleza. Neema alikuwa muuguzi huko Muheza, na mchumba wake alikuwa kijana mzuri, hana maneno. Lakini Gerson, mdogo wake Mzee Yonathan, muuza spea za magari Tanga mjini, ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, na kamati ilikuwa imeamua kwamba watu wenye malori hawapokelewi hivi hivi. Kungekuwa na kicheni pati, sendofu ya kumuaga binti, ukumbi wa Lushoto mjini, mapambo kutoka Tanga, na droni.

"Droni ya nini, Mzee?"

"Ya kutupiga picha kutoka juu. Nimewaambia, Mlalo ukitaka kumpiga mtu picha kutoka juu, unapanda tu shamba la jirani. Hawakunisikiliza."

Michango ilikuwa haitoshi. Kamati ilimshauri avunje Akiba ya Uzee.

"Na Mama Neema anasemaje?"

Alikitazama kile kiti cha pili. "Mama Neema yuko shambani."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza kuzungumza habari hii."

Utaratibu wetu ulikuwa kwamba ombi la namna hiyo halijibiwi mezani. Unakwenda unawaona wote wawili, nyumbani kwao. Gerson alikuwa ameitisha kikao cha kamati Jumamosi, nami nilifika Mlalo mapema makusudi nimuone Mama Neema kwanza. Walinionyesha shamba. Lilikuwa juu ya nyumba kabisa, kiasi kwamba kutoka kwenye tuta la mwisho ungeweza kudondosha kiazi kikaingia jikoni. Nilipanda nikishika migomba. Nilimkuta anapalilia, goti moja amelifunga kwa kipande cha kanga.

Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za watoto. Kisha nikamwambia kilichonileta.

"Waambie nimekataa," akasema, bila kuacha jembe.

"Wataniuliza kwa nini."

"Waambie hukuniuliza."

"Lakini ndiyo nakuuliza, mama."

"Basi waambie sikukujibu."

Nilisubiri kidogo, kama Mzee Kupaza alivyonifundisha, maana mtu ukimuachia ukimya mara nyingi huujaza. Mama Neema aliuacha kama ulivyo. Alipofika mwisho wa tuta alikata kabichi, akanipa, ili safari yangu isiwe ya bure. Nikashuka nayo.

Kikao kilikuwa sebuleni. Walikuwepo shangazi, majirani, wazee wa usharika, na Gerson mwenyewe, amevaa shati jeupe na simu mbili. Alinikaribisha kwa furaha ya kweli. Kabla sijamaliza chai nilikuwa nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi na nimetajwa kuwa mjumbe wa kamati ya vinywaji. Kabichi lilikuwa mapajani.

Sitaki mumcheke Gerson. Ukiwa afisa mikopo unazoea kuona watu wa harusi kama watoto waliokuta peremende. Gerson hakuwa mtoto. Alisimama akanigeukia mimi, si kamati.

"Bi Zaina, wewe ni mtaalamu na mimi ni muuza spea. Lakini nikuulize. Akiba ni kitu gani? Kaka yangu amechangia harusi za watu tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Amebeba viazi, amebeba kuni, amekoroga masufuria ya watu mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi. Hiyo si akiba? Leo zamu yake imefika, tumwambie afunge mlango? Watu wakijiona wamedharauliwa, siku ya msiba watakuja?"

"Kweli kabisa," wakasema.

Na mimi nusura niseme kweli kabisa. Mkobani mwangu mlikuwa na kikokotoo. Ningeweza kumwonyesha fedha ile ingekuwa kiasi gani baadaye. Ni nani angekuja siku ya msiba, hilo halikuwa na kitufe.

Kama angekaa chini hapo, nadhani angeshinda. Lakini alikuwa amenoga.

"Chukueni mfano wa mama yetu mzazi," akasema. "Hakuwa na senti kwenye chama chochote. Amezeekea humu humu, kwenye nyumba hii. Alikula, alivaa, hakulala njaa hata siku moja. Akiba ya mama ilikuwa ni watu."

Watu waliinamisha vichwa kumkumbuka marehemu. Walipoinua, Mama Neema alikuwa amesimama mlango wa jikoni, na chupa ya chai mkononi. Hakuna aliyemwona akishuka.

"Shemeji," akasema, "umesema kweli. Mama hakulala njaa."

"Nashukuru, shemeji."

"Alikuwa anapenda ugoro."

Watu wakacheka. "Ah, sana!" akasema Gerson. "Bila ugoro siku haijaanza."

"Nani alikuwa anamnunulia?"

"Si ni wewe, shemeji. Tunakushukuru."

"Alikuwa anauombaje?"

Gerson bado alikuwa anatabasamu, lakini lile tabasamu halikuwa na kazi tena. Alimtazama kaka yake. Kaka yake hakujua.

"Alikuwa anasubiri Yonathan atoke," akasema Mama Neema. "Halafu anakuja hapa, anasimama hapa niliposimama mimi, haingii. Anazungumza habari za kuku, za mvua, mpaka nimuulize mwenyewe. Siku moja nilikuwa na kazi nyingi, sikumuuliza. Akaniamkia. Akaniambia, shikamoo, mwanangu."

Nyie wa leo mnaosalimiana kwa poa na safi mniwie radhi nieleze. Mlalo, mama mkwe hamwamkii mke wa mwanawe. Hakuna hata mwiko unaolikataza jambo hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kudhani litatokea. Shangazi mmoja aliweka kikombe chini akakosa meza, chai ikamwagika, na hakuna aliyeipangusa.

"Nikamwambia, mama usinifanyie hivi, utanitia laana. Akaniambia, mwenye mfuko ndiye mkubwa. Nikampa. Kila alipoomba nilimpa, Mungu shahidi yangu, sikumnyima hata mara moja. Lakini alikuwa anaomba." Aliweka ile chupa mezani, taratibu. "Neema ni mwanangu na nampenda. Mimi sitamwamkia Neema."

Akarudi jikoni.

Mzee Yonathan alivaa kofia yake mle mle ndani, kisha akaivua. Alinigeukia mimi, sijui kwa nini mimi. "Mama hakuniambia," akasema. "Mama hakuwahi kuniambia." Kisha akanyanyuka akaenda jikoni, akafunga mlango. Gerson alikusanya simu zake mbili, akasahau kufunga kikao. Tulitoka mmoja mmoja, kama watu waliotoka kumwona mgonjwa.

Gerson alinifuata hadi kwenye kituo cha magari.

"Bi Zaina, mimi sikujua."

"Hata mimi sikujua."

"Wewe hukuwa mwanawe," akasema. Nilipanda gari, na yeye alibaki amesimama pale, simu moja inaita, haipokei.

Juma lililofuata viti vyote viwili mbele ya meza yangu vilijaa. Walikuja kuniambia kwamba ombi limefutwa. Mzee Yonathan ndiye aliyesema, Mama Neema alikuwa anatazama kalenda ukutani. Wangeuza ndama na plamsi za msimu ule, na harusi ingefanyika Mlalo, uwanjani kanisani, kwa kilichopo. Ukumbi ulifutwa, sendofu ikafutwa, na kwenye kundi la WhatsApp Gerson aliandika ujumbe mfupi kwamba droni haitakuja kwa sababu ya upepo. Nilipata mfadhaiko wa kikazi: jambo lilikuwa limekwisha vizuri na mimi sikuwa nimefanya chochote isipokuwa kubeba kabichi.

Lakini halikuwa limekwisha. Neema alikuja ofisini mwenyewe, kutoka Muheza, uso umevimba.

"Shikamoo, Bi Zaina."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. "Ni wewe uliyemwambia mama akatae?"

"Mama yako si mtu wa kuambiwa."

"Nimechangia kila muuguzi wa wodi yetu," akasema. "Kila mmoja. Nimeshona sare za rangi ambazo hata kwenye pazia hutaziweka. Nimecheza kwenye sendofu za watu nisiowajua majina. Zamu yangu imefika, fedha zimekuwa takatifu. Na mimi si nitamtunza mama? Nani mwingine atamtunza? Au haniamini?"

Alikuwa na haki yake yote. Jibu nilikuwa nalo, lakini halikuwa langu. Lilitolewa nyumbani kwa watu, mbele ya watu walioona aibu kulirudia, na nilijua kwamba mama yake angetaka binti aliyemzaa asikie kwa mdomo wake au asisikie kabisa.

"Umemuuliza mama mwenyewe?"

"Nimemuuliza," akasema Neema. "Kanipa kabichi."

Akaondoka. Siku ile sikufanya kazi nyingine ya maana.

Harusi niliihudhuria. Watu walikuja Mlalo kutoka kila upande wa milima, na walikuja wamebeba: viazi, maharage, kuni, masufuria meusi yenye majina ya wenyewe yaliyoandikwa kwa rangi. Matarumbeta yalipigwa mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Yule baba mkwe wa malori, ambaye kamati nzima ilikuwa imemwogopa bila kumwona, alikuja na lori moja tu, limejaa machungwa, mafenesi na mananasi, akalipaki nje ya uwanja na kuwaambia watoto wajihudumie. Alirudi kwenye viazi mara kadhaa. Kwa kuwa mshereheshaji wa kukodi alikuwa amefutwa kwenye bajeti, Gerson alisherehesha mwenyewe, na alikuwa mbaya sana, anarudia majina na kusahau ratiba. Alipofika kwenye shukrani kwa mama zetu alikatiza katikati, akampa kipaza sauti mtu mwingine. Watu walidhani ni furaha, wakampigia vigelegele.

Neema alipendeza. Ulipofika wakati wa kumpa mama yake kitenge cha shukrani, alimkabidhi kwa mikono miwili, akapiga goti kama inavyotakiwa, akasema maneno yanayotakiwa, halafu akainuka na kurudi kwenye kiti chake kama mtu aliyepeleka mzigo ofisini. Mama Neema alikishika kile kitenge kifuani mpaka sherehe inakwisha. Hakukikunjua. Niliona alichokuwa analipa, na hakikuwa kidogo.

Baada ya hapo Neema alikuwa anampigia simu baba yake tu. Kwa mama yake alituma salamu.

Gerson alitokea ofisini miezi kadhaa baadaye. Alitaka kufungua Akiba ya Uzee, kwa jina la mkewe.

"Lako na lake?" nikamuuliza.

"Lake peke yake. Atahitaji saini yangu kutoa?"

"Hapana."

"Hata kunijulisha?"

"Hata kukujulisha."

Alisimama akifikiri kwa muda mrefu, mfanyabiashara yule. "Haya," akasema. "Andika hivyo hivyo, kabla sijapata akili."

Mzee Yonathan alifariki mwanzoni mwa mvua za vuli, ugonjwa wa siku chache. Nilipanda kwenda kumzika. Gerson alikuwa amesimama karibu na kaburi, anahesabu watu kwa macho, na watu walikuwa wengi mpaka wengine wamesimama kwenye matuta ya viazi. Wale wale wa harusi isiyo na ukumbi.

"Wamekuja," akaninong'oneza.

"Wamekuja," nikamjibu.

Ni yeye, nadhani, aliyemwambia Neema habari ya ugoro siku ile. Sijui walizungumza nini. Niliwaona wamekaa nyuma ya nyumba, juu ya gogo, mtu na baba yake mdogo, na Neema ameshika kichwa. Jioni nilipokwenda kumuaga Mama Neema nilimkuta Neema amelala mapajani pake, mtu mzima, na sare yake ya msiba imejaa matope. Mama alikuwa anamtoa majani kwenye nywele. Niliondoka bila kuaga.

Goti la Mama Neema lilikataa mlima mwaka uliofuata. Alikuja akaketi, akasema, "Bi Zaina, nimestaafu," nami nilimpigia muhuri kwa furaha ambayo haikuwa ya kiofisi. Alianza kutoa kidogo kidogo, kwa saini yake peke yake sasa. Shamba alimkodisha jirani. Neema alikuwa amejifungua, akamwomba mama yake ashuke Muheza wakae pamoja. Mama Neema alifikiri msimu mzima, ndipo akakubali.

Juma langu la mwisho kazini, mkiwa mnapanga ile soda na kuku na kudhani sijui, simu yangu iliita. Alikuwa Neema.

"Bi Zaina, shikamoo. Mama ameita fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa rangi. Nimetoka zamu nimekuta chumba chake kimepakwa zambarau. Ukuta mzima. Nyumba yetu nyeupe yote, Bi Zaina, unaijua."

"Alikuomba ruhusa?"

"Hata! Fundi akamuuliza kama mwenye nyumba anajua, kamjibu mwenye chumba ndiye anayelipa."

"Na amelipa?"

"Amelipa, na kapunguziwa bei." Nyuma yake nilisikia sauti ya Mama Neema, kubwa, inamwelekeza mtu pa kuweka kitanda. "Nilikwenda kumwambia, mama, zambarau kweli? Kaniambia nisiingie, rangi haijakauka."

"Sasa wewe unasemaje?"

"Nitasema nini," akasema Neema, na hapo ndipo nilipotambua kwamba alikuwa anacheka. "Nimemwuliza tu kama ikikauka nitaruhusiwa. Kasema ataona."